Saa Nne ya Mzee Kosgei

Jumatano, tarehe tisa Julai 2008, saa mbili na nusu asubuhi, karatasi ya mtihani wa mock wa Kemia ilipatikana chini ya godoro bwenini, siku tano kabla ya mtihani wenyewe. Kufikia saa tatu, barua ya kumsimamisha kazi Mwalimu Jemutai, aliyeutunga, ilikuwa mezani pa mwalimu mkuu, Bwana Gachanja, ikingoja sahihi tu.

Aliyeitwa kuthibitisha ushahidi ni Vidhi, fundi wa kompyuta kutoka mjini Nakuru. Ni yeye aliyeiwekea kompyuta ya pekee ya walimu mfumo wa Linux, akamfungulia kila mwalimu akaunti yake na nywila yake. Kazi yake aliijua, na hakupenda itumiwe kumzika mtu.

"Mama Kigen, mashine haina chuki na mtu," Gachanja alimwambia Jemutai. "Paper ilichapishwa kwa akaunti yako jana, saa nne na dakika sita asubuhi."

"Nilikuwa lab naosha beakers, sir. Peke yangu." Jemutai alijitetea. Mwalimu anayefukuzwa kwa kuuza mtihani haajiriwi tena popote, naye alikuwa na watoto watatu.

"Madam, password yako ni jina la mtoto?" Vidhi aliuliza.

Jemutai akainamisha kichwa.

Vidhi aliguna. Shule nzima ilimwita Mama Kigen kutwa kucha! Aliwaonya walimu wasitumie majina ya watoto, ila hakuizuia mashine kuyakubali. Kosa hilo lilikuwa lake, na lilimuuma.

"Basi mwalimu yeyote angeweza kuingia. Saa nne nani hakuwa darasani?"

"Ni huyu na Ogola tu," Gachanja alijibu. "Na Ogola alikuwa Kariandusi, kupanga trip ya wanafunzi."

Ogola, mwalimu wa Kemia wa mkondo wa pili, alikuwa ameegemea mlango. "Angalieni register ya geti. Nimeingia four."

Vidhi akalivuta daftari. Jumanne ilikuwa na mistari mitatu: Maziwa, 1:00. Mwl. Ogola, 4:00. Unga, 6:30. Akaisoma mara mbili, kisha akaomba bawabu aitwe.

"Mzee Kosgei, jana maziwa yalifika saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi, kama kila siku. Si nimeandika?"

"Na Mwalimu Ogola?"

"Saa nne. Unga ulikuwa haujafika. Akatoka tena mbio na bahasha."

"Mbona hukusema?" Gachanja alifoka.

"Nani aliniuliza, mkubwa? Na mimi saa za kizungu siandikangi."

Ogola alikaa chini bila kukaribishwa.

"Ulijua saa nne yake itasomwa four ya jioni," alisema Vidhi. "Hukujua maziwa nayo yameandikwa."

"Class yangu imeshika mkia miaka mitatu," Ogola alinong'ona. "Mean yao ya alama ingepanda, ningepewa uongozi wa idara. Sikutaka Mama Kigen aumie. Nilidhani mashine haikumbuki."

"Wanangu wangekula hiyo mean yako, Ogola?" Jemutai aliuliza.

Gachanja aliichukua ile barua, akakata jina la Jemutai na kuandika la Ogola juu yake.

Baadaye Vidhi alimketisha Jemutai mbele ya kompyuta achague nywila mpya, akamgeuzia mgongo. Vitufe vililia kwa muda mrefu sana.

"Ni jina la mtoto wa nani hilo?" alitania.

"Sikwambii," alisema Jemutai, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.