Ndoo ya Mama Mkwe

"Kahawa imeiva kabla ya wakati. Noah nyeupe."

Simu ikakatika.

Kokushubila hakuhitaji zaidi. Kahawa ni mtihani. Karatasi ya Fizikia ya kidato cha nne, ya saa nane mchana huo, ilikuwa imeibwa Bukoba na kujazwa majibu. Ilikuwa inaelekea sekondari moja ya kata nje ya Nshamba, iliyofaulisha asilimia mia miaka miwili mfululizo.

Idara yake ya ujasusi iliishuku asilimia ile. Koku aliishuku zaidi, kwa sababu mdogo wake, Annastella, alikuwa mtahiniwa pale. Wiki iliyopita Koku alimuuliza swali jepesi la umeme. Binti akatabasamu.

"Usijali, dada. Kwetu hafeli mtu."

Maneno yale hayakumtoka akilini.

Saa tano na nusu, kizuizi cha Muhutwe. Noah nyeupe ya nne. Dereva peke yake, leseni inasema Gozbert. Kiti cha pembeni, ndoo yenye mfuniko.

"Umebeba nini, kaka?"

"Senene, waitu. Si ndio msimu wenyewe?" Akafunua. Harufu ya panzi hao wa kukaanga ikajaa gari. "Nampelekea mama mkwe, Nshamba. Ana miaka themanini na mbili, lakini kwa senene humuwezi. Hii kwake wiki haifiki."

Askari wa kizuizi akacheka. "Mimi wakwe zangu wananiletea maneno tu."

Koku alikagua viti, tairi la akiba, chini ya mazulia.

Hakuna kitu.

Akampungia mkono apite. Noah ikamezwa na migomba.

Halafu Koku akaganda.

Mama mkwe.

Bibi yake kule Kaagya aliwanyonyoa senene mabawa maisha yake yote, akawakaanga, akawaandalia wanaume. Hakuonja hata mmoja; kwa wanawake wa Kihaya ulikuwa mwiko. Mabinti wa siku hizi wanakula, sawa. Lakini ajuza wa Kihaya? Ndoo nzima?

Pikipiki yake ya Yamaha ikanguruma, naye akaripoti redioni kwamba anaifuata Noah.

Redio ya Motorola ikakoroma begani. Alikuwa Ildefons, mkuu wake, akimwita kwa jina lake la kazi. "Nyuki, una uhakika gani?"

"Nina bibi, mkuu."

Aliipata Noah kabla ya Muleba mjini. Akaipita, akakata mbele yake. Breki zikalia. Gozbert alifungua mlango atimue mbio, akakutana na mdomo wa bastola ya Beretta.

"Mama mkwe anaitwa nani?"

Gozbert akaitazama ndoo. Jina halikuja.

Koku akaimwaga ndoo juu ya boneti. Chini kabisa, mfuko wa nailoni. Ndani, karatasi. Akaimulika kwa kalamu yake ya miale ya zambarau. Alama ya siri ya mtihani ikawaka kijani.

"Nani anapokea?"

"Mwalimu mkuu. Kaijage. Mimi ni wa kutumwa tu, dada."

Saa nane kasorobo, Kaijage alikuwa amesimama getini, chaki kwenye mikono ya koti. Aliiona ndoo kwanza. Kisha akamwona aliyeishika.

"Ni tupu, Mwalimu."

Mzee hakukimbia. Aliwatazama watahiniwa waliopanga mstari.

"Wako mia na kumi. Mwalimu wa Fizikia aliondoka mwaka juzi. Wakifeli, nitaitwa mzembe. Hakuna atakayeuliza walifundishwa na nani."

"Na ulipowapelekea wakubwa asilimia mia, walikuletea mwalimu?"

Kaijage akajipangusa chaki.

"Shule ya asilimia mia haina shida, mzee wangu. Nani ataihangaikia?"

Pingu zikalia.

Annastella alikuwa ameona yote. Macho yalimjaa machozi. "Dada, nitafeli."

"Huenda." Koku alimshika bega. "Andika unachokijua. Usichofundishwa, acha nafasi wazi. Wakubwa waione."

Binti akafuta macho, akaingia.

Redio tena. "Nyuki, kazi imekwisha?"

"Nusu. Ongeza kwenye ripoti: shule haina mwalimu wa Fizikia."

"Hilo si la kijasusi."

"Limefichwa miaka miwili, mkuu. Unataka siri gani nyingine?"

"Nimeandika," Ildefons akasema.

Senene mmoja alikuwa amenasa kwenye mfuko wa jaketi. Koku akamtia mdomoni, akavaa miwani yake nyeusi, akaiwasha Yamaha. Nyuma yake, kalamu mia na kumi zilikuwa zimeanza kuandika.

Polepole.