Taa Iliyolala Mapema

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Swala alivaa raba zake na kukimbilia uwanja wa shule. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya mbio zake, naye alilipokea bila kubisha. Siku hiyo alipitia dukani kwanza kununua taa ya kuvaa kichwani. Mashindano ya mbio za gizani yalikuwa keshokutwa, na mwalimu wa michezo alikuwa amesema wazi kwamba asiye na taa ya kudumu saa nzima hakimbii.

"Chukua hii," muuza duka alimwambia, akigonga boksi lililochorwa radi. "Ukiiwasha, majogoo watawika!"

Swala hakuuliza la pili. Taa ilikuwa nzito na ghali, ikala hela zote alizopewa na shangazi yake, lakini zile radi zilimkosha roho.

Uwanjani aliiwasha. Mwalimu alijifunika uso kwa daftari. "Jamani, zima jua hilo!"

Wenzake walishangilia, na Swala akavimba kichwa. Mzunguko wa kwanza, taa ilimteremkia puani. Wa pili, ikamziba jicho moja. Wa tatu ikakonyeza mara mbili, ikazimika, na Swala akajikuta amekaa kwenye shimo la mchanga la warukaji.

"Taa yako imewahi kulala kuliko kuku," mwalimu alisema. "Kesho njoo na nyingine, la sivyo utakaa na washangiliaji."

Swala alirudi nyumbani machozi yakimlengalenga. Shangazi yake alikuwa fundi bomba, mtu wa kushinda chini ya masinki na taa kichwani. Aliposikia kisa hicho, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamfuta machozi.

"Mwanangu, ulinunua taa au ulinunua boksi?"

"Boksi lilikuwa zuri, shangazi," Swala alikiri.

Kesho yake, Jumamosi, walirudi dukani. Muuza duka alikubali kuwabadilishia, ingawa alinuna. Shangazi alimwingiza Swala kwenye stoo ya duka na taa tatu za kujaribu, akafunga mlango kuwe giza.

"Ruka! Inama! Tikisa kichwa! Unauona ukuta wa kule?"

Ndoo zilianguka. Wateja walijaa mlangoni wakiulizana nani anapigwa. Taa mbili ziliteleza. Ya tatu, ndogo na ya bei nafuu kuliko zote, ilimulika hadi ukutani na kumng'ang'ania kama kupe. Waliiacha inawaka saa nzima huku shangazi akimtengenezea muuza duka bomba lililokuwa likivuja. Haikufifia hata kidogo.

Jioni ile Swala alikimbia saa nzima. Mwalimu alitazama saa yake, akaitazama taa, kisha akamwandika kwenye timu. Swala alipiga kelele za furaha mpaka sauti ikamkauka.

"Umeona, mwanangu?" shangazi alimwambia wakirudi nyumbani. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitu usikipime kwa sifa kinazopewa. Kipime kwa kazi unayotaka kukipa."