Kitambaa Chekundu na Shati la Babu

Kila akirudi shuleni, Kiherehere alitupa mkoba kitandani, akavua sare, akakimbilia chumba cha kushonea cha shangazi yake. Jina lake halisi lilikuwa limeanza kusahaulika hata nyumbani, maana hakuna aliyewahi kumwona ametulia.

Shangazi alikuwa fundi wa nguo. Wiki hizo, akimaliza kazi za wateja, alimshonea Bibi blanketi la viraka, kwa sababu miguu ya Bibi ilipata baridi hata mchana wa jua kali. Kiherehere ndiye aliyepanga rangi na kuunga vipande kwa mkono, tisa kwa kila mraba. Alipanga njano na kijani, akapangua. Akajaribu zambarau, akapangua. Akapanda juu ya kiti autazame mraba kwa mbali.

"Wewe mtoto, utaupangua mpaka lini?" Shangazi akacheka.

"Mraba bado umelala, Shangazi. Nataka uamke!"

Mraba wa katikati ulikuwa utengenezwe kwa vipande vya shati jeupe la marehemu Babu. Shangazi alikuwa amelikata polepole, kama anayeogopa kuliumiza.

"Huu nao uchezee rangi upendavyo," alisema. "Ila kitambaa kipya lazima ukiloweshe kwanza, ukikandamize kwenye tambara jeupe. Kikichuja rangi, weka pembeni."

Siku hiyo Kiherehere aliokota masalio ya kitambaa kipya chekundu. Alipokiweka kando ya weupe wa shati, moyo ulimruka. Mraba uliamka kweli! Alishona haraka haraka bila hata kukumbuka maji.

"Umekijaribu?" Shangazi aliuliza, akitoka kumpelekea mteja gauni.

"Ndiyo," alijibu bila kuinua macho.

Alipobaki peke yake aliunyunyizia mraba maji, akaupiga pasi. Akaiinua pasi. Wekundu ulikuwa umetambaa juu ya shati la Babu kama juisi iliyomwagika. Alisugua kwa kidole, ukazidi kuenea. Aliposikia mlango, aliukunja mraba na kuuficha chini ya godoro lake.

Kesho yake darasani, mwalimu aliuliza swali la hesabu, yeye akajibu, "Nyekundu." Wenzake waliangua kicheko. Kengele ilipolia, alitembea kuelekea nyumbani, akasimama, akarudi nyuma, akatembea tena.

Alimkuta Shangazi amepiga magoti, amemwaga gunia la takataka sakafuni, anapekua makapi ya nguo kwa mikono miwili.

"Nadhani nimefagia mraba wa Babu," Shangazi alisema, akiendelea kupekua. "Sijui uzembe gani huu. Nitamwambia nini mama yangu?"

Kiherehere alikwenda chumbani, akarudi na mraba mkononi.

"Hukuufagia, Shangazi. Niliuficha mimi. Sikukijaribu kile kitambaa. Nilikudanganya."

Shangazi aliupokea mraba. Hakufoka. Alichukua wembe, akafumua mishono, akaviloweka vipande vyeupe kwenye maji baridi ya sabuni. Walibadilisha maji tena na tena. Vipande vilirudi vyeupe, isipokuwa kimoja kilichobaki na waridi hafifu ukingoni.

"Ungeniambia jana kikiwa kibichi, kingetakata," Shangazi alisema.

Jioni hiyo Kiherehere alilowesha kila kitambaa kilichokuwamo kapuni. Buluu iliyokoza haikuchuja hata tone, naye akaishona kuzunguka vipande vya shati, safari hii bila pupa.

Walipompelekea Bibi blanketi nyumbani kwake na kulitandika miguuni pake, Kiherehere hakungoja kuulizwa. Alionyesha lile doa na kueleza yote. Bibi alilipapasa, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Babu yako huyo! Alikuwa hamalizi siku na shati jeupe bila kulichafua. Sasa ndiyo limekuwa lake kabisa."

Wote walicheka. Njiani wakirudi, Shangazi alimshika Kiherehere mkono.

"Mwanangu, endelea kujaribu rangi. Hata mimi nimeharibu vitambaa vingi nikijifunza. Kilichoniuma ni kupiga magoti kwenye takataka, nikijilaumu, wakati ukweli ulikuwa nao wewe. Siku nyingine ukiharibu, njoo hapo hapo, hata kama unalia. Tutalia na kufua pamoja."

"Nitakuja, Shangazi," alisema Kiherehere.