Jiko Lililolala Masika

Jumamosi hiyo Luhaga aliamka akiimba. Binti yake Winnie alishangaa, maana tangu mama yake afariki, baba alizoea kuamka akigomba. Lakini siku hiyo wakwe watarajiwa wa Winnie walikuwa wanakuja Ilemela kutoka Sengerema kujitambulisha, na Luhaga alikuwa ameahidi kuwachomea sato kwa mkono wake mwenyewe.

Akatoa jiko la kuchomea kutoka stoo, lilikokaa masika yote. Lo! Wavu ulikuwa mwekundu kwa kutu, mafuta ya zamani yameganda juu yake. Ndani, kwenye majivu yaliyolowa, panya walikuwa wamejijengea nyumba.

"Unaona?" Luhaga akafoka. "Mtaro haujazibuliwa, maji yanaingia mpaka stoo. Wakubwa wanapita na magari yao, vioo wamefunga!"

Kweli, mtaro haukuzibuliwa. Wenye kazi hiyo huonekana mtaani wakati wa kura tu. Lakini majivu hayakuachwa humo na mkubwa yeyote.

Luhaga akachukua brashi ya waya aliyoazima kwa fundi wa mageti. Akasugua wavu mpaka akatoka jasho. "Kilichobaki kitaungua," akasema, akafuata mkaa.

"Baba Winnie, subiri!" Ilikuwa sauti ya Parin, jirani yake, anayeuza mishikaki kila jioni mbele ya duka la mumewe.

"Mama Riya, wageni wako njiani."

"Ndiyo maana nasema subiri. Leo unaozesha au unazika?"

Parin akalowesha kitambaa cheupe, akakipitisha juu ya wavu, akakiinua juani. Kipande cha waya kiling'aa hapo, chembamba kama unywele.

"Kimekatika kwenye brashi," akasema. "Kinanasa kwenye samaki, kinashuka kooni au tumboni. Huko hakitoki mpaka daktari apasue."

Luhaga akanywea. "Fundi hakuniambia."

"Fundi anasugua mageti. Geti lina koo?"

Winnie akacheka mpaka akashika ukuta.

Kazi ikaanza upya. Luhaga alitaka kufagia uchafu wa panya, Parin akamzuia. "Usifagie kikavu. Lile vumbi lina magonjwa." Wakavaa glavu na barakoa. Wakaumwagia uchafu huo maji yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, wakasubiri kidogo, wakazoa kila kitu kwa kitambaa na kukitupa. Kisha wakasuuza vizuri.

Wavu wakaukwangua kwa kisu butu. Wakausugua kwa dodoki, sabuni na maji ya moto, wakausuuza, wakaupangusa tena na tena mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Kutu ilikuwa ya juu juu tu, ikatoka.

"Ungekuwa umeliwa na kutu mpaka ndani, ungenunua mwingine," Parin akasema. "Sasa washa moto bila samaki, uchome mabaki. Halafu upake mafuta ya kupikia, kidogo tu."

Wageni wakafika. Sato wakatoka wekundu, ngozi inapasuka. Dorotea, mama wa kijana, akaanza kula. Mara akaacha kutafuna, akaingiza vidole mdomoni.

Luhaga akasimama. Parin akasimama.

"Nini hicho, mama?" Luhaga akauliza.

"Mwiba," Dorotea akajibu. "Kwani huku Mwanza mjini sato wenu hawana miiba?"

Luhaga alicheka mpaka machozi yakamtoka. Dorotea akaomba samaki wa pili, na siku ya kuleta posa ikapangwa palepale: wiki ijayo.

Wageni walipoondoka, Luhaga hakungoja kesho. Alikwangua wavu ungali na joto, akauosha, akaukausha, akaupaka mafuta. Alimwaga majivu yalipopoa, akalifunika jiko na kuliinua juu ya mawe.

"Pumzika, baba," Winnie akasema. "Mama mkwe amenipenda. Atarudi."

"Atarudi, ndiyo," Luhaga akajibu, akiendelea kupangusa. "Lakini kukutaja wewe sikumsikia. Amesema anafuata sato."