Birika Lisilovuja

Birika halikuvuja, na hapo ndipo Kibwana angepaswa kushtuka. Maana pale Kisarawe hakuna asiyejua kwamba kila alichokiziba Kibwana kilivuja: ndoo, kandili, hata debe la udhu la msikitini. Alikuwa mkulima wa mihogo. Kulehemu ilikuwa raha yake tu, na raha yenyewe ilimletea masimango. Safari hii alijaza maji, akapapasa kitako, kikavu. Akacheka peke yake barazani.

Hakusema alikolitoa. Alikwenda kupalilia kaburi la mama yake, akaliona juu ya kaburi la jirani, la bibi mmoja aliyekufa mwaka wa nzige. Vyombo vya marehemu hutobolewa ndipo viwekwe kaburini, vimfuate mwenyewe. Kibwana alijua, asijitie hakujua. Lakini mikono ilimwasha, akalichukua, akaliziba tundu.

Siku ya tatu, jua la utosi, mkewe Siwema alimwita kwa sauti ya chini.

"Baba Mwanamvua, mtoto amemaliza mtungi."

Mwanamvua alikuwa na miaka minne, mtoto pekee aliyewabakia baada ya kuzika wawili. Alikaa sakafuni, midomo imepasuka, ngozi imelegea, akipewa maji anakunywa, akimaliza anaomba tena, wala hakojoi wala hatoki jasho. Na kule pembeni birika likawa linatoa sauti ya mtu anayegugumia maji, gu, gu, gu, na nyumba nzima ikanuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

"Umelitoa wapi?" Siwema alinong'ona.

Akamwambia.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," Siwema alisema. "Lakini mwanangu hakujichoma." Akaketi chini, akalia.

Mganga Mwinyijuma alikuja, akamfunika mtoto shuka, akafukiza ubani. Sauti iliyotoka humo ndani ilikuwa ya kikongwe.

"Kiu yangu ilikwisha kufa," ilisema taratibu. "Yeye kaniamshia."

Mwinyijuma akamgeukia Kibwana. "Toboa palepale ulipoziba. Mkono uliofunga ndio utakaofungua. Upesi, mtoto anakwisha."

Kibwana akashika nyundo. Msumari wa kwanza ukapinda, wa pili ukapinda, wa tatu ukamrukia usoni, naye akaendelea kupiga huku jasho na machozi vinamchanganyikia kidevuni, huku nyuma yake binti yake anakoroma kwa koo kavu, Kibwana akiiomba kazi yake iwe mbovu kama zote alizopata kuzifanya, iwe mbovu leo tu, mpaka lehemu ikaachia na maji meusi yakamwagika miguuni pake. Mwanamvua akakojoa. Akaomba uji.

Alasiri ileile Kibwana alilirudisha birika makaburini. Akaliweka, akaomba radhi, akainua macho.

Masinia, mabakuli, sufuria, kaburi hadi kaburi, vyote vilijaa maji ya mvua ya jana, na hakuna kilichopoteza hata tone. Akakiinua kimoja. Tundu lilizibwa kwa lehemu laini, safi, ya mkono wake. Akavitazama viganja vyake: vilikuwa na malengelenge mabichi, wala hakukumbuka moto wowote.

Ndipo vilio vikaanza kule majumbani, watoto wanaomba maji, kimoja, viwili, kisha vingi. Cha kwanza alikitambua.