Safu Tatu za Majembe

Asia na Pili walikuwa ndugu wa tumbo moja. Nyumba zao zilikuwa jirani, mlimani Uluguru, juu ya mji wa Morogoro. Asia akipika, Pili anajua kwa harufu. Pili akicheka, Asia anakasirika.

"Sikia kicheko hicho," Asia alimwambia mumewe, Yunusi. "Anataka kijiji kizima kijue kuwa ana wageni."

"Wageni wako wewe huwa wanalia?" Yunusi akamjibu.

Ulikuwa wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani, mwaka ule reli ilipofika Morogoro. Kijijini kwao kulikuwa na chama cha kulima. Watu thelathini na saba walilima pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mkuu wa chama ndiye aliyepanga zamu. Walimchagua kwa majembe. Kila mtu alilaza jembe lake nyuma ya mtu anayemtaka. Mwenye safu ndefu alishinda.

Mwaka uliopita Hatibu alipata majembe kumi na manne. Asia alipata kumi na mawili, Pili kumi na moja. Hatibu akawa mkuu. Akaanza na mashamba yake, kisha ya ndugu zake, kisha ya rafiki zake. Zamu ya wengine ilipofika, mvua ya kupandia ilikuwa imepita. Mahindi ya Asia yalikauka. Ya Pili vilevile. Nyumba zote mbili zilikula mizizi ya porini.

Sasa zilibaki siku tatu wachague tena.

Asia alishuka mjini kumpelekea ndizi Mikidadi, muuza mikate karibu na stesheni. Zamani Mikidadi alikuwa mpishi Unguja, kwa mfanyabiashara Mwamerika. Alijua habari za kila mtu. Asia alimkuta Pili keshakaa pale, anakunywa kahawa.

"Shikamoo, Mzee Mikidadi. Naona una mgeni."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Benchi refu hilo."

Asia akakaa mwisho kabisa wa benchi.

"Haya, mwaka huu mkuu ni nani?" Mikidadi akauliza.

"Mimi!" walisema wote wawili.

"Basi ni Hatibu," akasema, akaendelea kukanda unga.

"Hatibu?" Asia akaruka. "Nusu ya watu hawamtaki!"

"Zaidi ya nusu," Pili akasema. Miaka mingi hawakuwa wamekubaliana jambo.

Mikidadi akafuta mikono. "Bwana wangu kwao ni jimbo la New York, Amerika. Kule mkuu wa nchi huitwa rais, na huchaguliwa kwa kura. Mwaka 1848, chama kimoja kikubwa cha New York kiligawanyika. Waligombana juu ya utumwa: uingie katika nchi mpya walizoziteka, au usiingie? Tena wakubwa wao walikuwa na vinyongo vya zamani. Kila upande ukaweka mtu wake. Chama kingine kikaweka mtu mmoja tu, jemadari wa vita. Kura za wale wawili pamoja zilimpita jemadari. Lakini kila mmoja peke yake alikuwa nyuma yake. Jemadari akaichukua New York, na kura za jimbo hilo ndizo zilizompa urais."

"Na wale wawili?" Pili akauliza.

"Wakabaki kulaumiana, kama ninyi. Chaguaneni kwanza wenyewe kwa wenyewe. Atakayepungukiwa ampe mwenzake majembe yake."

Asia alikubali upesi. Mwaka jana si alimpita Pili kwa jembe moja?

Kesho yake watu wao walikutana mtoni. Pili kumi na mawili. Asia kumi na moja.

Asia akayakagua majembe ya Pili moja moja. Moja lilikuwa na mpini uliofungwa kitambaa chekundu. Kitambaa kile alikifunga yeye.

"Yunusi! Jembe lako linafanya nini kwa shemeji yako?"

"Mke wangu, ukiwa mkuu, mimi nitakuona saa ngapi?"

Watu wakacheka. Pili akacheka kuliko wote.

"Afadhali Hatibu kuliko kicheko hicho!" Asia akabeba jembe lake, akaondoka.

Siku ya kuchagua, Hatibu alipata majembe kumi na manne. Pili kumi na mawili. Watu kumi wa Asia walisimama, majembe mabegani, wakimtazama Asia.

"Karibu kwangu, dada," Hatibu akamwita kwa sauti tamu. "Mwaka huu nitakulimia mapema."

Maneno hayohayo aliyasema mwaka jana. Asia akayakumbuka mahindi yake makavu. Akaenda taratibu hadi safu ya Pili.

"Sogeza jembe lako, msaliti," akamwambia Yunusi, akalaza lake.

Wale kumi wakamfuata. Ishirini na tatu kwa kumi na manne.

Pili akapanga zamu. "Wa kwanza Veronika, mjane wetu. Dada Asia wa tano."

"Na wewe?" Asia akauliza.

"Mimi wa mwisho."

Watu wakashangilia. Mvua ilipoanza, kila shamba lilikuwa limelimwa, hata la Hatibu. Wakati wa mavuno ghala la Asia lilijaa mpaka juu. Lakini moyo wake haukutulia.

"Wa mwisho!" alimwambia Yunusi. "Alijua watamsifu. Mwakani mkuu ni mimi, nami nitakuwa wa mwisho kumshinda yeye."

"Utakuwaje wa mwisho kumshinda wa mwisho?"

Nyumba ya jirani, Pili alicheka. Asia akakunja uso.

"Nitajua mwenyewe. Lakini kwanza tutakutana mtoni, mimi na yeye. Na jembe lako, Yunusi, nitalilaza mimi."