Mwanafunzi wa Ng'ombe kwa Mama Adrienne

— Kula! Mbele yangu, sasa hivi!

Mama Adrienne alimsukumia Kalenga kipande cha mkate kinachotoa moshi. Wafanyakazi wakaacha kukanda. Kwenye bulanjeri ile, kiwanda chake cha mikate cha Kalemie, mkate wa kwanza wa asubuhi huonjwa na wote kwa pamoja, yeye akiwatazama midomo. Ndivyo anavyojua kama chumvi imekaa.

— Nitakula inje, Mama.

— Inje, kila asubuhi inje! Mukate yangu iko na sumu?

— Hapana, Mama. Iko mutamu sana.

— Utajuaje? Wewe ulisoma ng'ombe!

Kicheko! Na kweli alisoma ng'ombe. Staji yake ya chuo, yale mazoezi ya kazi, ilikuwa aifanyie Pepa, kwenye mifugo, lakini mvua ikakata barabara. Chuo kikamwambia atafute popote, mradi apate wa kumtilia sahihi. Bila staji hakuna diploma. Na bila diploma, baba yake Clémence hapokei wazee wa kijana yeyote kuja kuposa.

Clémence ni nani? Haya, wajukuu, kitendawili: nyuki ameomba kazi kwa mwenye ua. Mmeshindwa? Nipeni mji! Nimekwenda Kalemie, nimekula samaki, nimerudi: nyuki ni Kalenga, na ua ni Clémence, binti wa kuzaliwa wa Mama Adrienne!

Ila mama mtu hakujua lolote.

— Sikiliza, kijana, alisema Mama. Kesho ukikataa tena, sitasaini. Utarudi kwa ng'ombe wako!

Jioni, kando ya reli, Clémence alimvuta Kalenga mkono.

— Kula tu! Kipande kimoja kitakuua?

— Mbele ya mama mukwe? Kwetu mukwe hatafuni mbele ya mama aliyemuzalia muke. Hata macho hamutupii.

— Lakini bado hujanioa!

— Ndani ya roho nimeisha kukuoa. Nikila mbele yake leo, kesho nitakuja kukuomba na sura gani?

— Basi mwambie ukweli.

— Nikisema, atanifukuza. Nani anatuma mukwe wake kukanda unga? Nikinyamaza, atanifukuza vilevile.

Clémence akalia, halafu akacheka katikati ya machozi.

— Una kichwa nguvu kama hii reli!

— Njo sababu unanipenda.

— Njo sababu, mujinga wewe!

Asubuhi, mkate ukatoka. Mama Adrienne akamkatia kipande.

— Kula.

Kalenga alikipokea kwa mikono miwili, akachutama, akakiweka mezani taratibu. Macho chini.

— Siwezi, Mama. Unisamehe.

— Toka! Vua tabulia yangu, toka!

Akaivua ile tabulia, aproni nyeupe kwa unga. Clémence, aliyekuwa akiuza dirishani, akaruka ndani.

— Mama, usimufukuze!

— Wewe inakuhusu nini?

Mama akamtazama binti, akamtazama kijana.

— Ngojeni. Huyu hali mbele yangu. Hanitazami machoni. Nikiingia mulango huu, yeye anatokea ule. Clémence, muntu gani anafanya hivi?

— Mukwe, Mama.

Polepole Mama akavuta kitenge, akajifunika uso, akageuka kuelekea ukutani. Kalenga akadhani amekataliwa. Akashika njia ya mlangoni.

— Unakwenda wapi? Clémence akapiga kelele. Mama amekupa mugongo! Mama mukwe njo anafanya hivyo! Amekukubali!

— Barthélemy! Mama, uso bado ukutani, alimwita mzee wa tanuru. Ambia mukwe wangu avae tabulia. Staji haijaisha. Tangu leo wewe njo utamutuma, wewe njo utamusainia. Akipata diploma, alete wazee mbiyo, mimi nitamusemea kwa baba ya Clémence!

Kalenga alikuwa hatua mbili tu kutoka kwa Mama. Papa Barthélemy akajikaza asicheke.

— Kalenga, umesikia?

— Ambia Mama nimesikia, Papa. Na aksanti.

— Adrienne, anasema amesikia. Na aksanti.

— Nimesikia!

Clémence akapiga vigelegele hadi barabarani, na wamama waliopanga mstari wa mikate wakaitikia kwa nguvu zote, bila kujua bado ni harusi ya nani.